Gunia la Mama mdogo: uchambuzi wa kisa kimoja cha Tandika

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana tuliitwa kikao cha familia nyumbani kwa Mama mdogo, Tandika. Ajenda ilikuwa moja: Mama mdogo anauza mchele anaoletewa na wanawe. Dada yetu anayeishi Tegeta alikuwa amezipata habari hizo kwa jirani, na alikuja nazo zikiwa bado za moto. "Tunajinyima, tunamletea mama chakula, mama anakibeba usiku anakipeleka dukani. Sasa hiyo ni njaa au ni nini?" Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye mkeka, anakunja na kukunjua pindo la khanga yake, hasemi neno. Mjomba akanigeukia: "Mwalimu, wewe ndiye unafundisha uchumi. Tuambie, mama yako kakosa au hakukosa?"

Nafundisha uchumi kidato cha tano na cha sita. Mstari wa bajeti, yaani mstari wa vyote ambavyo pesa za mtu zinaweza kununua, nimeuchora ubaoni miaka mingi, mara nyingi kwa machungwa na maembe ambayo hakuna anayeyala. Siku hiyo niliuchora nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, kwa kalamu ya mjukuu, kwa ajili ya mtu ninayemwita mama. Naandika kisa hiki kwa ruhusa yake, na naanza na hesabu zake.

Mama mdogo ni mjane. Anaishi na binti yake wa mwisho na wajukuu wawili. Ana genge la mboga mbele ya nyumba na chumba kimoja amekipangisha. Akishatoa mtaji wa genge, kwa mwezi anabaki na Sh 240,000. Mchele dukani kwao ulikuwa Sh 3,000 kwa kilo. Kabla wanawe hawajaanza kuleta gunia, alikuwa ananunua kilo 20 kwa mwezi, yaani Sh 60,000, na Sh 180,000 zilizobaki zilikuwa za unga, dagaa, mafuta, Luku, shule na dawa. Kisha wanawe watatu wakakubaliana kumletea gunia la kilo 50 kila mwezi. Hawakumpa pesa, na sababu walizisema wazi: pesa ataichangia harusi, ataikopesha kwa shoga zake, au itaishia kwenye marejesho ya mkopo wa kausha damu. Mchele utaliwa.

Mchele haukuliwa wote. Kila mwezi kilo 15 zilikwenda dukani, na mwenye duka alizichukua kwa Sh 2,200 kwa kilo. Mama mdogo akapata Sh 33,000.

Nilichora mstari wa kulala kwa kilo za mchele na mstari wa kusimama kwa shilingi za mahitaji mengine yote. Kuyaweka mahitaji mengine yote kwenye mstari mmoja kunaruhusiwa, ilimradi bei zake zenyewe kwa zenyewe hazibadiliki, na mwezi ule hazikubadilika. Kabla ya gunia, uwezo wa Mama mdogo ulikuwa mstari mmoja ulionyooka: asiponunua mchele kabisa ana Sh 240,000, na akinunua mchele mtupu anapata kilo 80. Mwinamo wa mstari huo ndio bei yenyewe, Sh 3,000 kwa kila kilo.

Gunia lilipoingia, mstari haukusogea mzima kwenda nje kama wanawe walivyodhani. Ulipata kona. Kutoka kilo sifuri hadi kilo 50 unakwenda bapa kwenye Sh 240,000, kwa sababu kuacha kula mchele wa gunia hakumpi hata senti moja. Baada ya kilo 50 unateremka kwa mwinamo ule ule wa zamani. Kama haruhusiwi kuuza, mahali pa maana pa kusimama ni pale pale kwenye kona: kilo 50 na Sh 240,000. Kama anaruhusiwa kuuza kwa Sh 2,200, ile sehemu bapa inainuka, na kutoka kwenye kona anaweza kupanda taratibu hadi Sh 350,000 akiuza gunia zima. Upande mmoja wa kona kilo ina bei ya Sh 3,000, upande wa pili Sh 2,200. Mgogoro wote wa Jumapili ile ulikuwa umekaa kwenye kona hiyo.

Mstari wa bajeti unaonyesha kinachowezekana. Hausemi mtu anataka nini, na hapo ndipo unapohitajika mchoro wa pili: upinde unaounganisha michanganyiko ya vitu ambayo kwa mtu huyo ni sawa. Mchumi Francis Edgeworth aliuanzisha mwaka 1881, mwenzake Vilfredo Pareto akaundeleza mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1934 John Hicks na Roy Allen wakaonyesha kwamba unatosha kueleza uchaguzi wa mnunuzi bila kulazimika kupima furaha yake kwa namba. Unachohitaji kujua ni kipi anakipenda kuliko kipi, na vipi kwake ni sawa. Darasani mimi nauita upinde wa sawasawa, kwa sababu kila nukta iliyo juu yake, ukimwuliza mhusika, atakujibu "sawasawa tu."

Upinde huo hauchorwi kwa kukisia. Unachorwa kwa kumwuliza mwenyewe, na katika kikao kile hakuna aliyekuwa amemwuliza Mama mdogo swali lolote isipokuwa "kwa nini". Nikahamia mkekani.

"Mama, mwezi uliopita ulibaki na kilo 35 na Sh 273,000. Tuseme nakupunguzia kilo 10. Nikuongezee shilingi ngapi uone hakuna kilichoharibika?"

Akafikiri kama anavyofikiri mteja akimwomba amshushie bei ya fungu la nyanya. "Elfu ishirini na tano ndogo. Thelathini ni nyingi, sitaki kukudhulumu." Tukaandika 27,000.

"Na nikipunguza kilo 5 nyingine, ubaki na 20?"

"Hizo sasa unawatoa wajukuu mdomoni, mwanangu. Hizo hazitoki chini ya elfu thelathini."

"Na nikikurudishia zile 15 ulizouza, uwe nazo 50 kamili, utanirudishia shilingi ngapi?"

"Elfu ishirini na tatu. Zaidi ya hapo mchele wa nini? Wa kufuga fukusi?"

Tulipata nukta nne: kilo 20 na Sh 330,000, kilo 25 na Sh 300,000, kilo 35 na Sh 273,000, kilo 50 na Sh 250,000. Kwake zote ni sawasawa. Ukiziunganisha unapata upinde ulioinama kuelekea pembe ambapo mistari miwili ya mchoro inakutana, kama vitabu vinavyosema, na unaona kwa nini umeinama. Kilo 5 za chini kabisa zina thamani ya Sh 6,000 kila moja. Zile 10 za katikati ni Sh 2,700 kila moja. Zile 15 za juu hazifiki hata Sh 1,600. Ni mchele ule ule, kutoka gunia lile lile. Kiwango ambacho mtu yuko tayari kubadilisha kitu kimoja kwa kingine hupungua kadiri kile kitu kinavyomjaa.

Suala la fukusi nalitilia mkazo, kwa sababu dada wa Tegeta aliuliza swali zuri: kwa nini asiweke akiba? Mama mdogo alinyanyuka, akaleta ndoo ya mfuniko aliyokuwa amehifadhia mchele wa miezi miwili nyuma, na pilipili kavu juu yake. Akaingiza mkono, akautoa, akatufungulia kiganja. Katikati ya punje kulikuwa na vidudu vyeusi vidogo vinatembea bila haraka, na vumbi jeupe lilikuwa limebaki kwenye mistari ya kiganja. Kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam, nyumba ya vyumba vitatu isiyo na stoo si mahali pa kuweka akiba ya nafaka. Kilo ya leo haiwi kilo ya mwezi wa nne. Kwa hiyo zile 15 zilikuwa na njia mbili tu, duka au fukusi.

Sasa linganisha. Kilo 15 za juu, kwake, zina thamani ya Sh 23,000. Mwenye duka anampa Sh 33,000. Kwa kuuza anapata Sh 10,000 zaidi ya thamani ya kile anachokitoa, kila mwezi. Kwenye kalenda ilionekana vizuri: upinde unaopita kwenye kona uko chini ya ule unaopita alipofika baada ya kuuza. Mama mdogo aliuza hadi pale thamani ya kilo moja zaidi, kwake, ilipofika takriban ile Sh 2,200 anayolipwa na mwenye duka, kisha akaacha. Hakuuza 20, wala 10. Mwaka 1938 mchumi Paul Samuelson alipendekeza tuyasome mapendeleo ya mtu kwenye anachokichagua pale ambapo angeweza kuchagua kingine. Kwa kipimo hicho, kilo 15 zilizopelekwa dukani ni kauli kamili. Zile pesa zilinunua dawa za presha na Luku, na zilizobaki zililipa masomo ya ziada ya mjukuu wa darasa la saba. Nilizitaja hizo kikaoni kwa kuwa niliona zinamtetea, lakini hata kama angenunua doti ya khanga, hesabu ingekuwa ile ile. Upinde ni wake.

Nilikuwa na jibu tayari, lile la kitabuni: acheni gunia, mpeni pesa. Gunia kwa bei ya duka ni Sh 150,000. Mkimpa Sh 150,000 mkononi, mstari wake unasogea mzima kutoka 240,000 hadi 390,000, hauna kona, na mwenyewe anasema angenunua kilo 30 na kubaki na Sh 300,000. Nukta hiyo iko nje ya upinde wake wa sasa, yaani kwake ni bora zaidi. Nikamwuliza tena ili kuhakikisha: "Leo hii nikikupa pesa taslimu badala ya gunia, ni kiasi gani utaona sawa?" Akasema laki na arobaini anachukua pesa, laki na thelathini anabaki na gunia lake. Kwenye mchoro, mstari wa bei ya duka unaugusa upinde wake kwenye jumla ya Sh 375,000, yaani Sh 135,000 juu ya kipato chake. Majibu mawili yalikutana. Gunia la Sh 150,000, kwa anayelipokea, ni Sh 135,000. Mwaka 1993 mchumi Joel Waldfogel alichapisha utafiti ambamo aliwauliza wanafunzi wa chuo nchini Marekani thamani ya zawadi zao za Krismasi, akakuta kati ya sehemu moja ya kumi na theluthi moja ya thamani imepotea njiani. Kwa Mama mdogo ilipotea sehemu moja ya kumi.

Hapo ndipo kaka mkubwa, aliyekuwa kimya muda wote, aliposema. Yeye ni dereva wa lori, anakwenda Mbeya na kurudi. "Mwalimu, hiyo elfu tatu yako ni bei ya dukani. Mimi mchele nauchukua Mbarali. Gunia hili, mpaka nimelishusha hapa mlangoni na bodaboda nimemlipa, ni laki moja na ishirini na tano. Sina laki na nusu ya kumpa mama. Nina laki na ishirini na tano."

Ilibidi nigeuze kalenda na kuanza upya, na ninaona sehemu hii ndiyo yenye thamani zaidi katika kisa kizima. Nilikuwa nalinganisha gunia na pesa ambazo hazipo. Ulinganisho wa haki ni kati ya Sh 125,000 zilizogeuzwa gunia na Sh 125,000 zilizotolewa mkononi. Mkononi, mstari unaanzia Sh 365,000 na kuteremka kwa Sh 3,000 kila kilo. Kwa gunia lenye ruhusa ya kuuza, unaanzia Sh 350,000 na kuteremka kwa Sh 2,200. Mistari hiyo inakatana karibu na kilo 19. Yeyote anayetaka kula zaidi ya kilo 19 kwa mwezi anafaidika zaidi na gunia, na Mama mdogo alikuwa anakula 20 hata kabla ya msaada. Chukua kilo 28, kiasi ambacho angekinunua kwa pesa hizo. Pesa zinamwachia Sh 281,000, gunia linamwachia Sh 288,400. Mchele uleule, na tofauti ya Sh 7,400. Hapo hatukuhitaji hata kujua upinde wake umeinama vipi.

Kanuni ya kwamba pesa ni bora kuliko kitu inasimama pale mtoaji na mpokeaji wanaponunua kwa bei moja. Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, umekuwa ukitoa ruzuku kwa fedha, na kwa serikali naona ni sawa, maana hakuna anayejua pinde za kaya zote hizo. Lakini familia yenye mtu wa lori inanunua kwa Sh 2,500 kitu ambacho mama yao ananunua kwa Sh 3,000. Kumpa pesa na kumwacha aende dukani ni kuitupa tofauti hiyo.

Dada wa Tegeta alikuwa na pendekezo lake: gunia liendelee, kuuza kupigwe marufuku, na binti wa nyumbani aangalie. Tukalipima kama mengine. Kwenye kona, kilo 50 na Sh 240,000, Mama mdogo yuko chini ya upinde wake, na kwa makadirio yangu gunia linashuka hadi thamani ya Sh 124,000 hivi. Wanawe watumie 125,000 ili mama apate 124,000, na juu yake alindwe ndani ya nyumba yake mwenyewe. Dada hakuwa na nia mbaya. Hofu yake ilikuwa wajukuu, na hofu hiyo ina hoja, kwa sababu kaya si mtu mmoja na anayeshika pesa si lazima ndiye mwenye njaa. Nilimwonyesha namba za mchele peke yake: kabla ya msaada kilo 20, akiuza atakavyo kilo 35, akipewa pesa kilo 28 hadi 30. Hakuna mpango hata mmoja ambamo sahani ya mtoto imepungua. Akaziangalia muda mrefu. Akasema, "Basi mimi nilikuwa nagombania hizi kilo 15 za wadudu."

Tulichokubaliana kilitoka kwa kaka dereva. Kule anakonunua kuna viroba vya kilo 25. Kiroba kimoja kwa bei yake ni Sh 62,500, na zinabaki Sh 62,500 nyingine za kumpa mama mkononi. Kilo 25 ni chini ya kile ambacho angenunua hata hivyo, kwa hiyo kona haimfikii. Atakuwa upande wa kununua, na kila kilo ya kiroba inamwokolea Sh 3,000 kamili ingawa mwanawe ameinunua kwa Sh 2,500. Kiroba cha Sh 62,500 kinakuwa Sh 75,000 mikononi mwake. Jumla, Sh 125,000 za wanawe zinakuwa Sh 137,500 za mama yao. Kilo 30 kamili zingefikisha Sh 140,000, lakini kaka alisema hafungui magunia ya watu sokoni kupima kilo tano. Juu ya gunia lenye kuuza, faida ni Sh 2,500 tu. Kwa hesabu peke yake pengine nisingewasumbua kubadilisha. Ila kilo 15 zilizofungwa kwenye khanga na kupitishwa uchochoroni baada ya Isha ili jirani asione, hizo nilitaka ziishe, na Mama mdogo alitaka zaidi yangu.

Kabla hatujaondoka mjomba alimgeukia: "Dada, una neno?" Akasema wanawe wamemheshimu kwa kumlisha, na angependa siku nyingine waanze kwa kumwuliza. Dada wa Tegeta akaenda kukaa karibu yake mkekani.

Kwa makadirio yangu angenunua kilo nne dukani kila mwezi kuongezea kiroba. Mwezi wa kwanza alinunua nne, mwezi wa pili tatu, kwa kuwa mjukuu mmoja alikuwa likizo kwa baba yake. Mpango huu hautadumu mwaka mzima bila kuguswa. Mavuno ya mpunga yakiingia sokoni katikati ya mwaka, bei ya duka la Tandika itashuka, na pengo kati yake na bei ya kaka linaweza kupungua. Nimemwandikia kaka hesabu kwenye karatasi aliyoibandika ndani ya lori: chukua bei ya duka la mama, toa gharama ya kilo moja hadi mlangoni, zidisha kwa 25. Leo jibu ni Sh 12,500. Siku jibu litakapofika sifuri, kiroba hakina tena cha kumwongezea, na atumiwe zote 125,000 kwa simu.